Wanafunzi wa Mada ya Nne

Mbona hakuitwa Mbona na wazazi wake. Jina alilopewa alipozaliwa limo kwenye rejista ya shule, na huko limekaa kimya, halimsumbui mtu. Hili la Mbona alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe, maana tangu ajue kusema hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kuulizwa. Mbona maziwa yakichemka yanapanda? Mbona kivuli changu asubuhi kilikuwa kirefu na sasa ni kifupi, nani amekikata? Mama yake alikuwa akimwambia, "Mwanangu, hebu mwachie Mungu naye apumue."

Alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, swali lake likawa moja tu, nalo halikumpa usingizi mwema.

Karatasi ya fizikia ya mtihani wa taifa ilikuwa na sehemu ya hiari. Mada nne, mwanafunzi achague moja: Nyota na Sayari, Sauti, Macho na Lenzi, na ya nne, Joto na Mashine Zake. Lakini shuleni kwao hiari hiyo ilikuwa kama kumkaribisha mgeni achague kiti katika chumba chenye kiti kimoja. Ilifundishwa Nyota na Sayari tu, kutoka kwenye daftari la mwalimu aliyestaafu zamani, lililonakiliwa na kunakiliwa tena mpaka sayari nyingine zilikuwa zimeanza kubadilishana mahali.

Mbona nyota alizipenda, hakuwa na ugomvi nazo. Ila kulikuwa na chuo cha mafundi wa mashine za baridi, zile kubwa zinazotunza chanjo na damu hospitalini, na chuo hicho kilichukua waliofaulu mada ya nne peke yao. Usipoifanya, hata uwe na alama za kumwagika, mlango umefungwa. Na Mbona alikitaka chuo hicho tangu siku alipoona muuguzi akitupa chanjo za wiki nzima kwenye ndoo, kwa sababu mashine ilikuwa imekufa na fundi yuko mbali.

Basi akajikusanya na wenzake wawili waliokubali wazimu huo. Mmoja Pacha, msichana mwepesi wa ulimi, ambaye pacha mwenzake alisoma shule nyingine, kwa hiyo alizoea kubishana na mtu asiyekuwapo. Wa pili mvulana mrefu aliyeitwa Taratibu. Taratibu alikula taratibu, alitembea taratibu, na alipoulizwa jina lake alifikiri kwanza.

Wakaenda ofisini kwa mkuu wa shule, mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mmekuja watatu, basi kuna jambo. Semeni."

Mbona akasema. Mkuu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mwalimu wa fizikia, kijana mpole ambaye kiwiko chake cha kulia hakikukosa chaki hata siku za likizo.

"Mwalimu, unaweza kuwafundisha mada ya nne?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Mwalimu mkuu, nisikudanganye. Mimi mwenyewe sikuisoma. Siwezi kumchotea mtu maji kwenye mtungi mtupu."

"Mmesikia. Nani atawafundisha?"

"Shangazi yangu," Mbona akajibu.

"Ni mwalimu wa wapi?"

"Si mwalimu. Ni fundi wa mafriji."

"Amesoma mpaka wapi?"

"Amemaliza shule ya msingi. Lakini mwalimu, friji analisikia kwa sikio, kama daktari anavyosikia kifua!"

Mkuu akavaa miwani, akaivua. "Binti yangu, nikisajili mtoto kwa mada isiyo na mwalimu na mtoto akaanguka, hataulizwa mtoto, nitaulizwa mimi. Tufanye hivi. Mwalimu atawapa jaribio kutoka karatasi za miaka iliyopita. Atakayepata sitini, namsajili. Mtapewa mara mbili. Ya tatu haipo. La pili litakuwa Alhamisi ya mwisho kabla sijapeleka fomu za usajili. Fomu zikishaondoka, hata mlie machozi ya damu hazirudi."

Huo ndio uliokuwa mkataba. Stoo ya shule ikatoa kitabu kimoja, na sura ya joto ndani yake ilikuwa na kurasa arobaini ambazo hakuna kidole kilichowahi kuzigusa. Nyingine ilibidi wazitenganishe kwa rula.

Karakana ya shangazi ilikuwa chumba kirefu chenye mlango mpana uliotazama barabara. Mafriji yalipangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa, mengine yamefunguliwa mgongo, mengine yameandikwa kwa chaki: *hili la mama muuza maji*, *hili usiguse, lina hasira*. Kwenye benchi kulikuwa na koleo, mitungi ya gesi, mabomba membamba ya shaba yaliyoviringishwa kama nyoka waliolala. Mtaa mzima ulimwita shangazi Shangazi, hata wanaume waliomzidi umri. Bisibisi yake aliichomeka kwenye kilemba, na kila alipoitafuta aliitafuta mifukoni kwanza.

"Mnataka kujifunza friji?" akasema Jumamosi ya kwanza. "Vizuri. Ila mimi sina ubao. Fundi aliyenifundisha, Mungu amrehemu, hakujua kusoma wala kuandika. Alinifundisha kwa vitendawili, na mimi nitawafundisha hivyo hivyo. Friji lolote bovu ni kitendawili. Limesimama mbele yako, limekutega, linakungoja. Haya. Kitendawili!"

"Tega!"

"Ananguruma mchana kutwa, barafu hana."

Pacha akasema, "Mwenye friji."

"Mwenye friji ananguruma kwangu kila siku, huyo namjua. Jibu ni gesi imevuja. Kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, inafanya kazi, lakini haina cha kusukuma. Kitendawili!"

"Tega!"

"Analala, anaamka, analala, anaamka, hata dakika tano hazifiki."

Mbona akazunguka nyuma ya friji lililokuwa likifanya hivyo hivyo. Akapitisha kidole kwenye mabomba ya nyuma. Kidole kikarudi cheusi. "Vumbi!"

"Vumbi. Anashindwa kutoa joto mgongoni, anazidiwa, anajizima. Umepata."

Lo, ilikuwa raha! Wiki nne za Jumamosi zikapita hivyo. Wakaanza kutunga vya kwao kutoka kitabuni. Pacha alitega: "Namtoa ndani, namtupa nje, wala mlangoni hapiti." Jibu, joto. Mbona alitega: "Nikimbana anakasirika, nikimwachia anapoa." Jibu, gesi. Jibu lilitakiwa litoke kama risasi. Aliyeanza kueleza alizomewa, hasa Taratibu, ambaye hakuweza kusema gesi bila kuanzia ilikozaliwa. Shangazi alikuwa na neno lake kwa watu kama hao: "Nimekuuliza jibu, sikukuuliza ukoo wake!"

Siku ya jaribio la kwanza Mbona alimaliza kabla ya wote. Akaweka kalamu chini, akakunja mikono, akatazama dirisha kama mtu aliyekwishapata. Taratibu alikuwa bado anaandika mwalimu alipomnyang'anya karatasi.

Jumatatu majibu yakarudi. Pacha thelathini na tatu. Mbona thelathini na nane. Taratibu arobaini na saba.

Mbona akageuza karatasi, akaigeuza tena, labda alama zimejificha upande wa pili. Kisha akaivuta karatasi ya Taratibu na kuiweka kando ya yake. Swali la tatu lilikuwa: *Eleza kwa nini friji lililosukumwa mpaka likagusa ukuta hutumia umeme mwingi.* Yeye alikuwa ameandika: *Joto halitoki.* Basi, nukta. Amepata moja kati ya sita. Taratibu alikuwa ameandika nusu ukurasa, akaeleza joto linavyotolewa ndani na kupelekwa nyuma, hewa inavyopaswa kupita ilibebe, kompresa inavyolazimika kufanya kazi muda mrefu zaidi, na mwisho kabisa, kwa sababu zake mwenyewe, akamalizia kwamba ukuta utapasuka. Amepata nne.

"Mwalimu!" Mbona akasimama. "Mimi nimepatia nimepata moja. Huyu amepasua ukuta wa watu amepata nne! Dunia imepinduka?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akavuta kiti, akakaa karibu yao.

"Haijapinduka. Jibu lako ni la kweli, tena kweli tupu. Lakini ulipitia wapi mpaka ukalifikia, mimi sioni. Msahihishaji atajuaje kwamba hukuota? Karatasi hii inalipa safari, binti. Ukifika bila kusema umepita wapi, umefika bure."

"Mimi nimepita," Taratibu akasema polepole. "Nimepitiliza tu kidogo."

Mbona hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja karakana, karatasi mkononi, na maneno aliyoyasema huko aliyajutia kabla hayajamaliza kutoka. Alimkuta shangazi amepiga magoti, anafuta mpira wa mlango wa friji kwa kitambaa.

"Umetufundisha nusu! Umetuzoesha kujibu kama kasuku. Imebaki mara moja tu, shangazi, na nikianguka ni kwa sababu ya vitendawili vyako!"

Shangazi hakuinua uso. Aliendelea kufuta pale pale palipokwisha kuwa safi. "Iache karatasi hapo," akasema. "Nenda nyumbani, mama atakuwa na wasiwasi."

Nyumbani baba alisikia habari yote, akaweka chini kikombe chake. "Umemwambia nani hivyo?"

"Shangazi."

"Unajua shangazi ni nani kwako? Ni mimi mwenye kilemba. Maneno hayo umenitukana mimi. Kesho ukitoka shule, kabla hujala, unakwenda kumwomba radhi. Na usiende na *lakini* yoyote mfukoni."

Kesho yake alikwenda, miguu mizito kama imefungwa mawe. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi, miwani ya kuazima puani, kidole kimewekwa juu ya mstari wa swali la tatu. Mteja alikuwa amesimama mlangoni anasubiri, na shangazi anamwacha asubiri, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

"Shangazi, shikamoo. Nimekuja kukuomba..."

"Marahaba, kaa. Radhi nimeshakupa jana ulipogeuka. Sikiliza. Swali hili nimelisoma mara tatu. Nalijua jibu lake tangu hujazaliwa, lakini lile *eleza*, mwanangu, hilo sijawahi kuulizwa. Mteja haniulizi kwa nini. Mteja ananiuliza lini."

"Kweli, na mimi naulizia lini," akasema yule mteja mlangoni.

"Kesho, baba. Nenda salama." Kisha akamgeukia Mbona. "Nimekaa nikakumbuka kitu. Tulipokuwa watoto, ukishindwa kitendawili ulisemaje?"

"Nakupa mji."

"Eeh. Na aliyepewa mji hakutoa jibu hivi hivi. Alisafiri kwanza! Nilipofika mji ule nikakuta kadha, nikapita kwa fulani, nikaona hiki na kile, mpaka jibu likatokea lenyewe mwisho wa njia. Fundi wangu aliukata mji. Karakana ina haraka, wateja wamesimama. Na mimi nikawapa nyinyi vitendawili vilivyokatwa miguu. Kosa langu ni hilo, na la kwako ni mdomo. Tumelingana?"

Mbona akacheka huku machozi yakimtoka. "Tumelingana."

Tangu siku hiyo sheria ya karakana ikabadilika. Jibu bila safari halikuhesabiwa. Na kwa kuwa zilikuwa zimebaki wiki mbili na nusu, hawakungoja Jumamosi. Walikuja kila siku baada ya masomo, mpaka jua linapoondoka kwenye kizingiti.

"Nimeshindwa," Mbona alisema siku moja. "Nakupa mji."

"Mji gani?" Pacha akauliza.

"Nakupa choo cha wavulana."

"Huo siutaki, wenyeji wake hawajaoga. Nipe mwingine."

"Nakupa ofisi ya mkuu."

"Huo naupokea. Nilipofika ofisi ya mkuu, mimi sikuwa mtu, nilikuwa gesi. Nikaingia kwenye kompresa, nikabanwa kama watu kwenye lifti mbovu, nikapata joto, nikakasirika. Nikatupwa kwenye mabomba ya nyuma. Huko nikakutana na hewa ya chumba, imepoa kuliko mimi, nikaipa hasira zangu, nikatulia, nikawa majimaji. Nikapita kwenye bomba jembamba kama tundu la sindano, nikatokea ndani ya friji, mahali papana, hakuna anayenibana. Nikataka kuwa hewa tena, lakini kuwa hewa kunahitaji joto, na mimi la kwangu nimeligawa. Nikaliiba! Nikaiba kwenye maji, kwenye nyama, kwenye nyanya, kila kilichomo. Nao wakabaki baridi. Na jibu ni hili: friji halitengenezi baridi, linahamisha joto."

Shangazi alikuwa ameacha kazi. "Miaka ishirini na miwili," akasema taratibu, "ninashika mabomba hayo. Leo ndiyo nimepita ndani yake."

Taratibu naye alisafiri, na safari zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba mara moja alianza friji likiwa bovu na akamaliza mwenye friji ameshalichukua. Lakini hakuna hatua aliyoiruka. Wakamsifu kwa hilo, na wakamwekea saa mbele yake.

Zikiwa zimebaki siku sita, kitabu kikawatega. Swali la ukurasa wa mwisho: *Friji limeachwa mlango wazi, linawaka, ndani ya chumba kilichofungwa. Chumba kitapoa au kitapata joto?*

"Kitapoa," akasema shangazi. "Swali gani hilo, la kumpa mtoto achangamke?"

"Kitapoa," Mbona naye akasema.

"Hakiwezi," Pacha akabisha. "Joto linalotoka ndani linamwagwa nyuma, chumba hicho hicho. Tena na umeme unaoendesha kompresa unageuka joto. Kitapata joto."

"Mbona basi nikisimama mbele ya friji lililo wazi nasikia raha?"

"Kwa sababu umesimama mbele. Hebu zunguka nyuma usikie hiyo raha!"

Maneno yakawa mengi. Shangazi akakata mzizi wa fitina: wakasukuma friji moja zima kwenye stoo ndogo ya nyuma, wakaning'iniza kipimajoto, wakaziba chini ya mlango kwa magunia, wakajifungia ndani wote wanne. Nyuzi ishirini na saba. Baada ya saa moja, thelathini, na jasho linawachuruzika.

"Nimeshinda!" Pacha akapiga kelele.

"Taratibu, jamani," akasema Taratibu, akijifuta uso. "Na sisi je? Watu wanne tumebanana humu, tunapumua, tuna joto letu. Labda chumba tumekipasha sisi, friji linasingiziwa."

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Wakafungua mlango, wakazima friji, wakangoja mpaka kipimajoto kikarudi ishirini na saba. Safari hii waliliwasha tena, wakafunga mlango wa stoo wakaliacha peke yake, kipimajoto wakakifunga kwenye kioo cha dirisha dogo ili wakisome wakiwa nje. Saa moja ikapita. Ishirini na tisa.

Shangazi akashika kiuno. "Kumbe! Na mwaka juzi, wakati wa joto kali, kuna mama nilimshauri afungue friji jikoni apate ubaridi!"

"Akasemaje?"

"Alirudi kunishukuru!"

Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini Mbona, alipomaliza kucheka, alitoa daftari akaandika safari yote ya siku ile, tangu alipokosea. Alikuwa ameanza kuona kwamba kukosea nako ni kituo cha njiani, mtu akipita asione haya kukitaja.

Alhamisi ikafika, saa nne asubuhi. Chumba kilikuwa na madawati matatu tu yenye watu, na mkuu mwenyewe amekaa mbele. Mbona alisoma swali la kwanza, akajizuia. Jibu lilikuwa limekwisha kufika ulimini, linasukuma kutoka. Akaliambia lingoje. Akaanza kutoka mbali, akaja hatua kwa hatua, kila hatua akaitaja na sababu yake.

Akaenda vizuri mpaka swali la mwisho. *Mashine ya kuhifadhi chanjo ina kuta zilizojaa barafu. Umeme ukikatika kwa saa tano, chanjo hubaki katika baridi ile ile. Eleza.*

Mashine ya chanjo! Ile ile aliyoitaka, na shangazi hakuwahi kuitengeneza hata moja. Kitabuni haikuwamo. Wazo la kwanza lilikuwa aandike *barafu ni baridi* na kukunja mikono. La pili lilikuwa kulia. Akaacha yote mawili, akashika kalamu. Akaandika kwamba joto la nje linaingia, umeme uwepo au usiwepo. Kwamba likiingia linakutana na barafu kabla ya chanjo. Kwamba barafu, ili iyeyuke, inahitaji joto, basi inalimeza hilo linaloingia. Kwamba kadiri barafu ipo, joto lina kazi ya kufanya pale ukutani. Akafika hapo akakwama: mbona barafu inapoyeyuka yenyewe haipandi joto? Akatafuta, hakupata. Saa inakwenda. Mwishowe akaandika: *Nimefika hapa. Najua barafu inameza joto na kubaki baridi ile ile mpaka iishe, kwa maana nimeiona kwenye karakana, lakini sababu ya ndani kabisa siijui. Si kwa kuwa barafu inatengeneza baridi, maana baridi haitengenezwi.*

Akaweka kalamu. Hakutazama dirisha safari hii. Aliisoma karatasi yake tena toka mwanzo.

Ijumaa asubuhi waliitwa ofisini. Fomu zilikuwa mezani kwenye bahasha kubwa iliyo wazi. Mkuu akasoma bila kupamba.

"Pacha, sabini na moja."

Pacha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Taratibu, hamsini na tisa. Maswali manne karibu yote kamili. La tano na la sita hukuyaanza."

"Nilikuwa nakuja," Taratibu akasema.

"Mbona." Mkuu akavaa miwani vizuri. "Sitini na mbili. Swali la mwisho umepata tano kati ya nane, na mwalimu ameandika kitu pembeni."

Mbona hakuweza kusoma kilichoandikwa, macho yalikuwa yamejaa maji. Mwalimu akamsomea mwenyewe: "*Hata mimi siijui. Tuitafute.*"

Furaha ilikuwa kama kitu kinachotaka kupasua shati, lakini Mbona alimgeukia Taratibu. "Alama moja, mwalimu! Moja tu!"

"Sitini ni sitini," mkuu akasema, si kwa ukali. "Nikitoa leo kidole, kesho nitaombwa mkono."

"Mwache, Mbona," Taratibu akasema. "Mimi nitafanya nyota zangu. Nyota haziondoki, zinanifaa. Lakini karakana siachi. Kwani shangazi ana rejista?"

Mkuu akachukua fomu ya Mbona, akaanza kujaza. Jina. Namba. Mada. Kisha kalamu ikasimama. "Hapa wanataka jina la mwalimu wa mada. Niandike nani?"

"Shangazi yangu," Mbona akasema.

"Ningependa, mwanangu, naapa. Lakini wanataka na namba ya cheti cha ualimu. Nikiacha wazi, watairudisha."

Mbona alihisi ile sitini na mbili ikimponyoka mkononi kama samaki mbichi. Bahasha ilikuwa pale, mtu wa kuipeleka amesimama mlangoni na kofia yake mkononi.

Mwalimu wa fizikia akakohoa. Akajipangusa chaki kiwikoni, ambayo haikutoka. "Niandike mimi."

"Wewe ulisema mtungi mtupu."

"Bado ni mtupu. Ila kuna mahali panapojazwa. Jumamosi saa tatu, siyo? Kama shangazi mwenyewe atanikubali."

Mkuu akaandika jina lake, akaandika namba yake, akagonga muhuri kwa nguvu mpaka kalamu zikaruka mezani. Fomu mbili za mada ya nne zikaingia kwenye bahasha, za kwanza tangu shule ile ijengwe.

Jumamosi mwalimu alikuja karakana amevaa viatu vyeupe, kosa ambalo hufanywa mara moja tu maishani. Shangazi alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akamkaribisha kwa heshima zote, akamtupia aproni iliyojaa mafuta. Wanafunzi watatu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi, na mbele yao barafu kwenye sufuria, kipimajoto kimezama katikati yake, kimegoma kupanda.

"Karibu mwalimu," Mbona akasema, akasogea kumpisha. "Ndiyo kwanza tunaanza."